Mulipuko ndani ya maji: namna ya kupima pigo lake ku daraja na ukuta

Mutu akisimama kandokando ya muto, anaona maji yanaruka, kiisha yanatulia. Lakini pigo lenyewe limekwisha kupita chini mbele maji yaruke. Ndani ya maji, sauti inakimbia karibu metre 1,500 kwa segonde. Ndani ya hewa, karibu 340 tu. Tena maji hayafinyiki kwa urahisi kama hewa, basi nguvu inafika mbali: ku nguzo za daraja, ku ukuta wa bandari, ku mawe ya chini.

Inapimwa namna gani? Wainjinia wanashusha ndani ya maji vyombo vya kupima mukazo. Pigo linadumu kipande kidogo sana cha segonde, kwa hiyo chombo kinapashwa kuandika hesabu maelfu na maelfu kwa segonde moja. Ku daraja lenyewe wanafunga chombo kingine, kinachoonyesha ukuta unatikisika milimetre ngapi kwa segonde. Nyufa zote zinapigwa picha mbele ya kazi, na tena kiisha kazi. Bila ile picha ya kwanza, hakuna mwenye kujua ufa ni wa zamani ao ni wa leo.

Umbali ndio kinga ya kwanza. Ili pigo lile lile lifike mbali mara 2, inaomba baruti mara 8. Njia ingine ni kupulizia hewa chini ya maji: mapovu yanasimama kama pazia na kuvunja nguvu.

Vyombo vya namna hii vinafichua pia siri. Mu Tanzania, uvuvi wa baruti ulikatazwa tangu 1970. Mu mwezi wa 3 na wa 4 wa 2015, watafiti walivuta ku mashua mikro ya ndani ya maji kwa siku 31, kandokando ya pwani. Walihesabu milipuko 318. Karibu 62 kwa mia ilikuwa ndani ya kilometre 80 kutoka Dar es Salaam. Kule jengo linalobomoka ni matumbawe, nyumba ya samaki.

Kwetu Komanda, pahali barabara za Bunia, Mambasa na Beni zinakutana, chakula na dawa vinapita juu ya madaraja. Ukiona ufa ku nguzo, piga mustari pale unapoishia, andika tarehe, kiisha pasha habari wakubwa wa barabara. Ufa ukipita mustari, daraja linaendelea kupasuka.