Itatosha Miezi Mingapi? Safari ya akiba yetu ya fedha za kigeni

Jumamosi ya tarehe 18 Novemba 1967, serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ilitangaza mjini London kwamba pauni ya Uingereza, iliyokuwa na thamani ya dola 2.80, sasa ingekuwa na thamani ya dola 2.40. Uamuzi ulikuwa wa Waingereza, kwa sababu za Waingereza. Lakini Benki Kuu tatu za Afrika Mashariki, zote zikiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu, zilikuwa zimeweka sehemu kubwa ya akiba zao kwa pauni. Tanzania, Kenya na Uganda zilikataa kushusha shilingi zao kuifuata. Pauni iliyokuwa ya shilingi 20 ikawa ya shilingi 17 na senti 14, na akiba iliyokuwa London ikapungua kwa sehemu moja ya saba bila mtu yeyote kuchukua hata senti.

Siku ile inafaa kukumbukwa kila yanapotolewa majedwali yanayopanga nchi kwa ukubwa wa akiba zake za fedha za kigeni. Tunayasoma kana kwamba anayetangulia ndiye tajiri na anayefuata mkia ndiye fukara. China iko juu, ikiwa na zaidi ya dola trilioni 3. Japan inafuata kwa trilioni moja na ushee, na Uswisi, nchi ndogo ya milimani, haiko mbali nao. Marekani inaonekana chini sana, kwa kuwa fedha za kigeni ilizonazo ni kiasi kidogo mno kwa uchumi wa ukubwa ule. Haihitaji kulimbikiza fedha za wenzake; wenzake ndio wanaolimbikiza ya kwake. Inayo dhahabu tani 8,133, iliyoandikwa vitabuni kwa bei ya dola 42.22 kwa wakia, bei iliyowekwa mwaka 1973 na kubaki hapo hadi leo. Ukiihesabu kwa bei ya soko, Marekani inapanda ngazi kadhaa kwa mkupuo. Jedwali linabadilika, na hakuna kilichobadilika ghalani.

Na hata ghala lenyewe halisemi mengi kwa idadi ya magunia. Anayetaka kujua kama kaya itavuka kiangazi huhesabu na midomo. Ndiyo maana wachumi huuliza akiba ingelipia uagizaji wa bidhaa na huduma kwa miezi mingapi kama mapato mengine yote yangekatika. Robert Triffin, mchumi mzaliwa wa Ubelgiji, ni miongoni mwa waliokieneza kipimo hicho cha akiba dhidi ya uagizaji katikati ya karne iliyopita, na miezi mitatu ikazoeleka kuwa mpaka wa hatari. Katikati ya mwaka 2024 Kenya ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 7 na Tanzania zaidi ya bilioni 5. Kwa dola, Kenya ilikuwa mbele kwa mbali. Kwa miezi, zote mbili zilikuwa palepale: minne na kidogo.

Lakini miezi nayo haisemi akiba iko mikononi mwa nani. Hilo sisi tulifundishwa mapema.

Kabla ya 1966 hatukuwa na akiba ya kwetu wenyewe. Desemba 1919 serikali ya Uingereza iliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa London. Rupia ikatoka, florini ikapita upesi, shilingi ikaingia. Kanuni ya bodi ilikuwa kwamba noti iliyotoka huku iwe na dhamana ya pauni kule, ingawa ilichukua hadi karibu na mwaka 1950 dhamana hiyo kutimia. Mkonge wa Tanga uliponunuliwa na Wamarekani ulileta dola. Dola zikaingia katika mfuko wa pamoja wa nchi za eneo la pauni, uliosimamiwa London, na Tanganyika ikaandikiwa pauni. Pauni hizo nazo ziliwekezwa katika hati fungani, nyingi zikiwa za serikali ya Uingereza yenyewe. Yaani koloni maskini lilikuwa likiikopesha nchi tajiri, tena katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ambapo Uingereza ilizihitaji mno dola zile. Mwaka 1949 pauni iliposhushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ilishuka pamoja nayo siku hiyohiyo. Hapakuwa na ofisi Dar es Salaam wala Kampala yenye mamlaka ya kusema la.

Ndiyo sababu naliheshimu sana lile "la" la 1967. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imefungua milango tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Uganda ikafuata Agosti chini ya Joseph Mubiru, na Kenya Septemba. Magavana hawa walikabidhiwa akiba iliyokuwa imewekwa kwa mazoea ya wakoloni, wakapata hasara kabla hata hawajazoea viti vyao. Lakini walijifunza kwamba nchi isiweke akiba yake yote katika fedha ya mwingine mmoja, na tangu hapo pauni ilianza kupoteza nafasi yake katika vitabu vyao.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja kupitia kahawa. Julai 1975 baridi ya kugandisha iliua mibuni kwa mamilioni katika jimbo la Paraná, Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa, na kufikia 1977 ilikuwa imeongezeka mara kadhaa. Fedha zikamiminika Kilimanjaro, Bukoba na Mbinga, na nchini Kenya zikamiminika kuliko hapo. Kwa Kenya kulikuwa na jambo ambalo takwimu rasmi hazikulionyesha: wakulima wa Uganda, waliochoshwa na bei za serikali ya Idi Amin na shilingi isiyonunua kitu, walivusha kahawa yao kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Bungoma. Ikauzwa nje kama kahawa ya Kenya. Ukilinganisha akiba za nchi hizi mbili kwa miaka ile, unaona Kenya iliyostawi na Uganda iliyodorora, lakini sehemu ya ustawi wa mmoja ilikuwa jasho la mwingine lililovuka mpaka usiku.

Tanzania ilimaliza mwaka 1977 ikiwa na akiba kubwa kuliko wakati wowote tangu Benki Kuu ianze. Washauri wa kigeni, Benki ya Dunia ikiwamo, waliiona akiba hiyo kuwa fedha iliyolala, wakahimiza masharti ya uagizaji yalegezwe. Yakalegezwa mwaka 1978, na bidhaa zikaingia kwa wingi. Wakati huohuo bei ya kahawa ilikuwa imeshaanza kuporomoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kuanzisha upya, kwa gharama yake, shirika la ndege, reli, bandari, posta na simu. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yakavamia Kagera.

Vita vile vilitugharimu kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 500. Risasi, mafuta, malori na vipuri vyake, vyote vinalipiwa kwa fedha za kigeni. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, akiba ya msimu wa kahawa ilikuwa imekwisha, na mwaka uleule bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mtei, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha, aliona hakuna njia ila kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na sharti la kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikataa, Mtei akajiuzulu, na katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi Mwalimu akahoji ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba nchi iliyojitetea dhidi ya mvamizi haikustahili kupangiwa bei ya unga na watu wa Washington. Mtei alikuwa sahihi kwamba Benki Kuu haikuwa na dola, na kwamba hoja hazinunui mafuta ya taa. Walioumia ni watu wa foleni za sabuni, sukari na vitenge, walioamka alfajiri kuwahi duka la kaya na kuambiwa mzigo haujafika. Viwanda vilivyojengwa kwa fahari vilisimama kwa kukosa vipuri. Maneno "hakuna fedha za kigeni" yaliingia katika mazungumzo ya kila siku, kutoka zahanati hadi gereji.

Mwaka 1983 serikali ilifanya msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele. Bajeti ya 1984 ikachukua njia nyingine: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Maduka yakaanza kujaa. Hili ndilo funzo ninaloliona kubwa kuliko yote ya miaka ile. Dola zilikuwapo. Zilikuwa za Watanzania, zimekaa katika akaunti za nje na katika mikoba iliyovuka mipaka, mbali na hesabu ya Benki Kuu, kwa sababu aliyezileta nyumbani alilipwa kwa bei isiyo ya kweli. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano na Shirika la Fedha yalitiwa saini, na shilingi ikateremka kutoka takriban 17 kwa dola hadi zaidi ya 50 kufikia Desemba. Maumivu yake yalikuwa makali. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ilifungua njia kwa maduka ya kubadilishia fedha, na kuwa na dola kukaacha kuwa kosa.

Wenye uchumi mkubwa kuliko wetu nao walidanganywa na jumla. Katikati ya 1997 Thailand ilitangaza akiba ya zaidi ya dola bilioni 30. Takwimu haikuwa ya kubuni, ila sehemu kubwa ya dola hizo ilikuwa imeshaahidiwa kwa mikataba ya kuuza baadaye, katika juhudi za kuilinda baht. Zilizobaki huru hazikufika bilioni 3. Tarehe 2 Julai serikali iliiachia baht, na moto ukasambaa hadi Indonesia na Korea Kusini. Wakorea waligundua kwamba sehemu ya akiba yao ilikuwa imewekwa katika matawi ya nje ya benki zao wenyewe, ambazo hazikuwa na uwezo wa kuirudisha. Mapema 1998 raia walipanga foleni kutoa pete za ndoa na mikufu, zikapatikana tani 227 za dhahabu za kulisaidia taifa kulipa madeni.

Baada ya hapo nchi za Asia ziliapa kutopiga magoti tena. China ilitoka kwenye akiba ya dola bilioni 140 hivi mwaka 1997 hadi karibu trilioni 4 katikati ya 2014. Pablo Guidotti wa Argentina akapendekeza kipimo kipya: akiba itoshe kulipa madeni yote ya nje yanayoiva ndani ya mwaka mmoja. Nchi zikaanza kutakiwa kuonyesha, pembeni ya jumla, zile dola zilizokwisha kuahidiwa.

Swali la akiba imewekwa wapi lilirudi kwa kishindo Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Urusi ilikuwa miongoni mwa nchi tano za juu kwa akiba, ikiwa na zaidi ya dola bilioni 600. Ndani ya siku chache karibu nusu yake ilizuiwa katika benki na taasisi za Ulaya na washirika wao. Unaweza kuunga mkono hatua ile kwa haki kabisa, kwa ajili ya Waukraine, na bado ukaona kwa nini magavana wa nchi nyingi walianza kuongeza dhahabu iliyo chini ya kufuli zao wenyewe. Tanzania, yenye migodi ya Geita na Kahama, ilikuwa na sababu zake pia, maana mwaka 2023 dola ziliadimika hata kwa waagizaji wa mafuta. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu, kwa shilingi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea kigezo chake: kabla ya kuingia katika sarafu moja, kila nchi iwe na akiba ya kutosha miezi 4.5. Itifaki ilitiwa saini Kampala mwaka 2013, sarafu ikakusudiwa kuanza 2024, na sasa inatajwa 2031. Burundi, baada ya wafadhili kusitisha misaada kufuatia machafuko ya 2015, imekaa miaka ikiwa na akiba isiyofika hata miezi miwili. Bujumbura magari hupanga foleni kwa siku kadhaa yakingoja petroli, na wenye uwezo hununua ya magendo inayovushwa kutoka upande wa Kongo, kwa bei maradufu. Hakuna nchi ya Jumuiya inayoijua hali hiyo kwa karibu kuliko Tanzania, na hakuna iliyo na sababu kubwa zaidi ya kuisemea Burundi pale masharti ya sarafu yanapojadiliwa.