Mwendo Uliobaki

Khayega hatununui mafuta kwa lita. Gari la Probox likisimama kwenye kituo cha mafuta, karibu na pale barabara ya Shinyalu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Kisumu na Kakamega, dereva hateremki. Hutoa noti dirishani na kusema, "Weka ya mia tano." Mwenye bodaboda husema, "Ya mia mbili." Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kuanzia tarehe 15 mia tano ileile hurefuka au kufupika. Ndivyo watu wenyewe wanavyoisema: mia tano ilikuwa inanifikisha Mbale na kurudi, siku hizi inaniacha njiani.

Kwa hiyo mshale wa geji huku kwetu huishi chini. Nusu ya juu ya geji ni nchi ambayo magari mengi ya steji yetu hayajawahi kuitembelea tangu yashuke melini Mombasa. Na ile taa ndogo ya rangi ya kaharabu, yenye picha ya pampu, inaamka na dereva asubuhi na kulala naye usiku. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na nimekaa kiti cha mbele mara nyingi nikiitazama taa hiyo. Swali langu ni la jina. Tunaiita taa ya onyo. Je, inaonya?

Kitenzi kuonya kimezaliwa na kuona. Kumwonya mtu, kwa asili ya neno, ni kumfanya aone. Onyo, onyesho na maono ni watoto wa nyumba moja. Basi anayeonya lazima awe ameona kitu ambacho mwonywa hajakiona: mama ameona moto, mtoto ameona uzuri wa moto. Taa ya mafuta imeona nini?

Ndani ya tanki kuna boya dogo, limefungwa kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, boya linapanda nayo, yakishuka, linashuka. Mkono ukisogea, ncha yake nyingine inateleza juu ya kipande kinachoupa umeme ukinzani, mkubwa au mdogo, na kiasi cha umeme unaopita ndicho kinachousukuma mshale kwenye dashibodi. Boya likishuka chini ya mstari fulani, taa inawaka. Katika magari mengi mstari huo umewekwa pale ambapo imebaki takriban asilimia 10 hadi 15 ya tanki, lakini kila mtengenezaji ana mahali pake, na hakuna mkataba wa dunia nzima unaosema lazima zibaki lita ngapi. Taa haijaziona lita. Imeona boya, na boya limeuona uso wa mafuta pale tu lilipo.

Nalipenda neno boya hapa, ingawa mafundi wetu hawana haja ya kulitaja, kwa sababu linarudisha gari baharini. Kiswahili kilipokutana na motokaa hakikwenda kuomba kila kitu kwa wageni. Kilifungua sanduku la majahazi. Usukani ni neno la chombo cha baharini, ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza jahazi, na leo umo mikononi mwa dereva wa matatu ambaye huenda hajawahi kuiona bahari. Tanzania husema vyombo vya moto, na chombo ni jahazi pia. Basi ndani ya tanki la Probox kuna bahari ndogo yenye boya lake, na bahari hiyo ina mawimbi.

Mawimbi hayo niliyasoma siku moja tukitoka Kisumu. Mji huo uko kando ya ziwa, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kakamega iko juu ya mita 1,500. Katikati kuna mlima wa kupanda. Tulipoanza kupanda Riat taa iliwaka. Barabara ilipotulia baada ya Kiboswa, ikazimika. Kabla ya Majengo ikawaka tena. Mafuta yalikuwa yanakimbilia nyuma ya tanki na kurudi, na boya lilikuwa likiripoti kwa uaminifu kila lilichokiona. Watengenezaji wanaujua msukosuko huu, ndiyo maana huufanya mshale uwe mzito wa kubadilika, usiruke kwa kila shimo. Lakini mlima wa kilomita kadhaa haudanganyiki kwa uzito huo.

Nilimwuliza dereva, "Kijana wangu, hii taa, tutafika?"

"Hiyo ni ya kukumbusha tu, mwalimu," akajibu. "Mafuta iko."

Nilinyamaza hadi Chavakali nikilitafuna jibu lake. Alikuwa ametofautisha vitenzi viwili ambavyo vijitabu vya magari havijavitofautisha. Kuonya ni kumfanya mtu aone asichokiona. Kukumbusha ni kumrudishia anachokijua. Kwa mtu aliyejaza tanki siku kumi zilizopita akasahau, taa inaonya. Kwa mtu aliyeweka mafuta ya mia tano saa mbili zilizopita, hakuna jipya. Taa inakumbusha, na hata hilo inalifanya kwa sauti ambayo sikio limeshaizoea. Wengine katika tafsiri huandika taa ya tahadhari, na hilo nalo ni neno zuri, ila tahadhari ni kazi ya dereva. Taa haiwezi kutahadhari. Kama ningepewa kalamu ningeiita dalili. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, nasi wa huku Isukha tunaishi chini ya mithali hiyo: wingu likisimama juu ya msitu wa Kakamega mchana, mahindi yaliyoanikwa yanaingizwa ndani. Hakuna aliyewahi kulidai wingu liseme mvua itakuwa milimita ngapi.

Zile herufi mbili za geji, E na F, nazo nimezijaribu kwa Kiswahili, na ya kwanza imenishinda kwa namna ya kupendeza. Ningeandika T ya tupu. Lakini tupu kwetu lina sura mbili. Chupa tupu haina kitu. Maji matupu ni maji yaliyojaa gilasi bila sukari wala majani ya chai. Mshale ukigusa E, tanki kwa kawaida bado lina mafuta, kwa sababu watengenezaji huacha kiasi chini ya alama hiyo ili anayechelewa asikwame hapohapo. Kwa hiyo E haimaanishi tupu. Ukavu ndio neno la hali ya mwisho: tanki limekauka. Na anayekaushiwa hulipa kwa njia nyingine. Pampu ya umeme iliyomo ndani ya tanki la petroli hupozwa na mafuta yanayoizunguka; ikifanya kazi ikiwa kavu hupata moto na kuchakaa. Dizeli ndiyo mbaya zaidi, kwani mirija huvuta hewa, na mara nyingi fundi lazima aje aitoe kabla injini haijakubali kuwaka.

Sasa bodaboda. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu hapa ndipo jina na kitu vilipooana.

Pikipiki nyingi za kazi, Boxer na TVS zinazojaa steji ya Khayega, zina kifungio kidogo chini ya tanki chenye nafasi tatu: kufunga, kufungua, na rizavu. Ndani ya tanki mna matundu mawili ya kunywea mafuta. Moja limo kwenye kijibomba kilichosimama, jingine liko chini kabisa. Ukiendesha kawaida unakunywa kwa lile la juu. Mafuta yakishuka chini ya kijibomba, injini inakohoa, mwendeshaji anainama bila kusimama, anageuza kifungio kwa vidole, tundu la chini linafunguka, na safari inaendelea. Hakuna boya, hakuna umeme wala hesabu. Kilichobaki kimebaki kwa sababu hakikuweza kutoka. Volkswagen nyingi za kabla ya miaka ya 1960 nazo hazikuwa na geji. Zilikuwa na wenzo kama huo karibu na miguu ya dereva.

Hiyo rizavu ni akiba kwa maana kamili ya neno. Akiba ni kitu kilichotengwa. Mafuta ya gari yaliyobaki chini ya taa hayajatengwa na mengine. Ni salio tu, kama salio la simu, mwendelezo wa yaleyale yaliyokuwa yakitumika. Tofauti kati ya salio na akiba ni kwamba akiba ina mlango, na mlango unafunguliwa kwa makusudi. Ndiyo maana kosa kubwa la mwendeshaji ni kuweka mafuta kisha akasahau kurudisha kifungio mahali pake. Siku hiyo hupanda na mafuta yote yakiwa salio, bila akiba, na injini ikikohoa hakuna cha kugeuza.

Magari mapya yameongeza kitu cha tatu, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Ni tarakimu. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi inatokea 64, au 51, pamoja na kilomita, ikisema kwamba huo ndio umbali ambao gari litaweza kwenda kabla ya kukauka. Katika baadhi ya magari yanayotufikia kutoka Japani maandishi ya pembeni ni ya Kijapani, kwa hiyo dereva husoma tarakimu peke yake, na tarakimu bila maneno ni kitu chenye mamlaka makubwa mno.

Kompyuta ya gari hukadiria mafuta yaliyobaki kutokana na lile boya, kisha huzidisha kwa kilomita ambazo gari limekuwa likizipata kwa kila lita hivi karibuni. Lita 7 kwa kilomita 12 ni 84. Lita 7 zilezile kwa kilomita 8 ni 56. Kati ya majibu hayo mawili kuna tofauti ya kilomita 28, zaidi ya nusu ya njia ya kutoka Kisumu hadi Kakamega, na mafuta hayajabadilika hata tone. Ukishuka kutoka Khayega kwenda ziwani unaweza kuiona tarakimu ikipanda huku mafuta yakipungua. Ukirudi, inaporomoka upesi kuliko kilomita unazozipita. Gari halisemi uongo. Linaamini kwamba njia iliyo mbele itafanana na iliyo nyuma.

Watafsiri wengi wangeita tarakimu hiyo masafa. Neno la Kiingereza wanalolitafsiri, range, hutumika pia kwa upeo wa risasi, na masafa yanalifuata vizuri: umbali uliopo kati ya hapa na pale, mtu awepo asiwepo. Khayega na Shinyalu ziko mbali kwa kiasi kilekile hata barabara ikiwa haina msafiri. Lakini kile kinachoonyeshwa kwenye dashibodi ni cha msafiri. Kinategemea mguu wake juu ya pedali, mlima, mzigo, upepo ndani ya tairi, foleni ya Jumamosi sokoni. Na Kiswahili kina neno la umbali uliomo ndani ya anayekwenda. Ni mwendo. Tangu zamani tulisema mwendo wa siku tatu, mwendo wa saa moja, tukijua kwamba saa moja ya kijana si saa moja ya bibi aliyejitwika kichwani mtungi uliofinyangwa Ilesi. Neno moja linabeba umbali, kasi, na namna ya kwenda. Hakuna kasoro ndani ya utatu huo. Ndio ukweli wenyewe ambao tarakimu imeuficha.

Kwa hiyo napendekeza mwendo uliobaki, na mbele yake liwekwe neno kadirio, bila haya: kadirio la mwendo uliobaki. Kadiri na kadari zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, kupima na kuandikiwa, na mtu mwenye masikio atasikia moja ndani ya nyingine. Najua ni maneno manne mahali pa moja, na kioo ni kidogo. Lakini magari mengi yenyewe yamekiri. Mafuta yakipungua sana, tarakimu huondoka na mahali pake hubaki vistari vitupu. Gari limefika mahali ambapo halitaki tena kukadiria.

Juzi nilisimama stejini jua likizama, nikamwuliza kijana wa bodaboda kama mafuta aliyonayo yatatufikisha Shinyalu. Hakutazama popote. Alilitikisa tanki kwa magoti, akasikiliza.

"Ni wewe peke yako, mwalimu," akauliza, "ama na hilo gunia?"