Injini Iliyosamehe Uzembe

Magunia ya machungwa, madumu ya maji, mabati, mgonjwa anayewahishwa hospitali, bibi harusi na shela lake: pale Mnyuzi, wilayani Korogwe, vyote hupanda pikipiki. Nyingi kati ya pikipiki hizo zina majina ya Kichina ubavuni, lakini ukizifungua injini utakuta ni za ukoo mmoja. Babu yao ni Honda CG125, iliyotoka kiwandani Japani mwaka 1976. Sasa ametimiza nusu karne, na sijasikia halmashauri, kijiwe cha bodaboda wala muuza spea aliyemkumbuka.

Anastahili kukumbukwa. CG125 haikubuniwa kwa ajili ya mashindano wala kwa ajili ya vijana wa mjini wenye gereji mlango wa pili. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa mbali, mwenye mzigo mzito, barabara mbovu na spana chache. Kisa cha kuzaliwa kwake kinaeleza mengi kuhusu namna watu wa ukanda huu walivyojifunza kujitengenezea vyombo vyao, na namna wanavyosahau kufanya hivyo.

Mnyuzi yenyewe ilizoea chuma kabla ya pikipiki. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1963 njia ya kutoka Ruvu ikaja kuungana nayo karibu na hapa. Mkonge nao uliletwa Pangani na Dk. Richard Hindorf mwaka ule ule wa 1893, ukasambaa mpaka kandokando ya reli. Hayo kila mtoto wa Tanga ameyasikia shuleni. Yasiyosemwa sana ni kwamba reli na mashamba vilikuja na karakana. Penye korona ya kusindika mkonge palihitajika mtu wa kuchomea vyuma, kukaza mikanda na kuchonga kipuri kilichokatika, kwa kuwa kipya kilikuwa safari ya meli.

Jaribio kubwa la kwanza la ufundi huo lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zilipoifunga pwani, majeshi ya Wajerumani yalibaki bila petroli, bila matairi na bila dawa. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameandika katika kumbukumbu zake jinsi walivyojikwamua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kiligeuzwa kuwa kiwanda cha kila kitu. Mpira mbichi wa mashambani ulitengenezewa matairi, na mbata za nazi zilikamuliwa mafuta ya kuendeshea injini, yakaitwa trebol. Mzee huyo wa kijeshi anajisifia ujanja wa watu wake, bila kusema mengi kuhusu wapagazi Waafrika waliobeba mizigo mabegani pale magari yaliposhindwa. Lakini jambo moja anatuachia: injini zilikwisha fika huku, na walioziendesha walilazimika kuzitengeneza kwa walichokuwa nacho.

Upande wa pili wa vita hiyo kulikuwa na waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Jeshi la Jenerali Smuts lilishuka na bonde la Pangani katikati ya mwaka 1916, likazichukua Korogwe na Handeni mwezi Juni. Mvua, tope na mchanga viliwatesa wapanda pikipiki kuliko risasi, na hakukuwa na gereji nyuma yao. Wapanda farasi walikuwa na mbung'o, wapanda pikipiki walikuwa na mnyororo.

Baada ya vita pikipiki ikawa chombo cha padri, mpimaji na bwana shamba. Mwaka 1935 wakapita wageni wa aina nyingine. Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili Waingereza, walitoka London Desemba 1934 wakiwa na pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari ubavuni na trela nyuma. Waliingia Jangwa la Sahara bila dira. Injini ikawafia njiani, ikabidi waijenge upya huko Agadez kwa vipuri vilivyotumwa kutoka Uingereza. Kisha wakaendelea, wakavuka Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town mwishoni mwa Julai 1935. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na huo ndio uliowaokoa. Wasafiri wa leo wanaopita Segera wakielekea Moshi, na pikipiki zao kubwa zilizosheheni masanduku, wana simu za kuwaonyesha njia, lakini kanuni haijabadilika: anayekwenda mbali ajue kufungua anachokipanda.

Kwetu, shule kubwa zaidi ya ufundi huo ilikuwa uhaba. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani katika miaka ya 1970, na hasa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka. Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na maduka yakazidi kuwa meupe. Aliyekuwa na pikipiki wakati huo, awe bwana afya au katekista, aliitunza kama mboni ya jicho. Gasketi ilikatwa kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu. Tyubu ilichomwa viraka mpaka viraka vikapandana. Tairi lililogoma kabisa lilishindiliwa majani ili mtu afike nyumbani. Oili ilipimwa, plagi ilisuguliwa kwa msasa, na hakuna aliyethubutu kutupa nati.

Na sasa turudi Japani, kwa sababu huko nako palikuwa na mvutano wake.

Honda ya miaka ya 1960 ilikuwa imelewa ushindi. Mwaka 1961 pikipiki zake zilitamba katika mashindano ya kisiwa cha Man. Siri ilikuwa kuiweka kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu kabisa, kichwani mwa injini, ikizungushwa kwa gia au mnyororo kutoka chini. Injini ya namna hiyo hupumua vizuri na kuzunguka kwa kasi. Hata Super Cub, iliyoanza mwaka 1958 ikiwa na fimbo za kusukumia valvu, ilihamishiwa kwenye mnyororo katika muongo uliofuata. Ndani ya kampuni, fimbo zilikuwa mambo ya zamani.

Lakini malalamiko yalianza kuja kutoka nchi za Asia. Pikipiki zilizosifiwa Japani zilikuwa zinakufa mapema huko. Kwa mujibu wa simulizi ya kampuni yenyewe, mhandisi Takeo Inazawa alikwenda kuangalia kwa macho yake. Alichokikuta Mnyuzi ingekitambua mara moja. Pikipiki ya mtu mmoja ilibeba familia na mzigo. Oili haikumwagwa, iliongezwa tu ikipungua, nyeusi juu ya nyeusi. Mnyororo uliachwa mkavu, umejaa vumbi. Oili chafu ilikula kamshafti kule juu, ambako oili hufika mwisho, na mnyororo wa taimingi ukalegea bila mtu kuukaza.

Mhandisi mwingine angeandika ripoti ya kuwalaumu wateja. Angesema wafundishwe, wapewe vitabu, wafunguliwe gereji. Inazawa alifuata njia nyingine: kama watu hawa hawatabadilika, basi injini ibadilike. Akapendekeza kurudi kwenye fimbo. Kwa kampuni iliyojijengea jina kwa kamshafti ya juu, pendekezo hilo lilisikika kama kurudi nyuma, na lilipata wapinzani. Kilichokuwa mezani ni swali la heshima: je, mhandisi hodari ni yule anayetengeneza injini ya kushinda mbio, au yule anayetengeneza injini ya mtu asiyebadilisha oili?

Inazawa alishinda kwa mashine yenyewe. Kamshafti ya CG aliishusha chini, karibu na oili ilipo, akaizungusha kwa gia badala ya mnyororo. Aliipa jino moja tu la kusukuma valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea. Fimbo mbili nyembamba hupanda juu kuzifikia valvu. Mnyororo wa tairi la nyuma akaufunika na boksi la bati lisilopitisha tope. Silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Haikuwa na mbio, lakini ilikuwa na subira.

Faida yake kubwa huioni dukani, unaiona siku ya kufungua. Kwenye injini ya kamshafti ya juu, ukitaka kuvua kichwa lazima uuvue mnyororo wa taimingi, na ukiurudisha ukakosea jino moja, valvu zinafunguka wakati usio wake na pikipiki haiwaki, au inawaka kwa kusuasua. Kwenye CG unavua kichwa, unachomoa fimbo mbili, na taimingi inabaki palepale chini ilikofungwa kiwandani. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kubadili ringi na pistoni na kurudisha kila kitu kabla ya jua kuzama.

Au chukua kazi ndogo ambayo mafundi wetu huiita kuseti tapeti. Injini ikiwa imepoa, unafungua kifuniko cha juu, unazungusha sumaku taratibu mpaka alama ya T ikae mahali pake na valvu zote ziwe zimefunga. Kati ya valvu na kichokoo chake panatakiwa nafasi ya milimita 0.08. Pakibana mno, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, pikipiki inagoma kuwaka asubuhi, na mwisho valvu inaungua. Pakiachia mno, injini inapiga kelele za kugonga. Asiye na kipimo hutumia wembe, ambao una unene wa karibu milimita 0.1: ukipita kwa kukwaruza kidogo, hujakosea sana. Unalegeza nati ndogo, unagusa skrubu, unakaza, unapima tena. Kazi nzima ni ya nusu saa na haihitaji shahada. Ni pikipiki ngapi za Mnyuzi ambazo hazijafanyiwa hivyo tangu zinunuliwe?

Yaliyofuata yanajulikana. CG ilihama Japani ikaenda kuundwa Brazil na kwingineko. Nchini Pakistan inaundwa mpaka leo. Viwanda vya China viliiga injini yake, na katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zikamwagika Afrika Mashariki. Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikapata injini. Serikali ya Tanzania ikairasimisha kwa kanuni za mwaka 2010: abiria mmoja, kofia ngumu mbili, leseni. Mdhibiti wa usafiri, SUMATRA, akaondoka, LATRA ikaja mwaka 2019. Mwaka huo huo treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ikarudi kwenye reli, na abiria wanaoshuka stesheni wanamaliziwa safari na pikipiki.

Hapa ndipo inapobidi tusemane ukweli. Inazawa alibuni injini inayosamehe uzembe, na sisi tukadhani msamaha ule ni ruhusa. Kizazi cha uhaba kilikuwa na mashine dhaifu na mikono hodari. Kizazi cha wingi kina mashine vumilivu na mikono iliyolala. Spea ni rahisi, basi hatutunzi, tunasubiri kiharibike tubadilishe. Boksi la kufunika mnyororo, lile Inazawa alilolihangaikia, ndilo la kwanza kung'olewa ili pikipiki ionekane ya kijana. Kinachofuata ni sproketi zilizolika meno kama msumeno, halafu lawama kwa Wachina.

Sehemu ya kosa si ya dereva. Kijana anayeendesha pikipiki ya tajiri, anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni, hana sababu ya kumwaga oili kwa fedha yake ili kurefusha maisha ya mali ya mwingine. Anayeendesha kwa mkataba, akijua mwisho wa mwaka chombo ni chake, utamkuta Jumapili amekigeuza kichwa chini miguu juu anasafisha kabureta. Mwenye mali ndiye mwenye spana, ilikuwa hivyo tangu enzi za katekista.

Na muda wa kusamehewa unakwisha. Boxer na TVS za India, ambazo sasa zimejaa vijiweni, zina kamshafti ya juu na mnyororo wa taimingi. Ni pikipiki nzuri, zinakunywa mafuta kidogo, lakini hazina subira ya yule babu wa Kijapani mbele ya oili nyeusi. Pikipiki ikitembea kilometa 100 kwa siku, ndani ya mwezi imemaliza 3,000, na lita moja ya oili iliyomo tumboni mwake imekwisha choka zamani.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya vijana huiombea pikipiki. Kila mkopo wa namna hiyo uambatane na boksi la spana, kipimo cha tapeti na siku mbili za mafunzo ya VETA au ya fundi yeyote mzoefu wa hapo hapo kijijini. Kikundi kisichoweza kubadili oili na kuseti tapeti mbele ya afisa kisikabidhiwe ufunguo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya injini moja iliyonoki, na fedha ya kuirejeshea halmashauri itapatikana tu kama pikipiki bado inatembea.