Mfereji wa Jonglei na Ndege wa Sudd

Mto unaopita Juba huitwa Bahr el Jebel, yaani Mto wa Mlima. Kaskazini yetu sisi wakazi wa Jebel, maji yake hutawanyika na kuwa Sudd, mojawapo ya ardhi oevu kubwa zaidi duniani. Baridi inapoingia Ulaya, korongo weupe huhamia kusini, na pande hizi wamo katika njia yao.

Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Jonglei, wenye urefu uliopangwa wa kilomita 360, ili maji yapite kando ya Sudd yasipotee kwa mvuke kabla ya kufika Sudan kaskazini na Misri. John Garang aliandika tasnifu yake ya udaktari ya 1981 kuhusu maendeleo ya eneo hilo. Baadaye wapiganaji wa SPLA, jeshi aliloliongoza, waliwashambulia wachimbaji, na mwaka 1984 kazi ikasimama. Mwaka 2006 Sudd iliingizwa katika orodha ya Ramsar.

Kwa maoni yangu, vita vilivyotuua ndivyo vilivyowabakizia ndege makao. Hilo si jambo la kujivunia. Mwaka 2022 mjadala wa kuufufua mfereji ulizuka tena. Safari hii Sudd ilindwe kwa sheria.