Kuchanika gegedu la goti: Si kila mgonjwa ahitajiye kisu

Mchezaji anapogeuka ghafla ilhali wayo umekita ardhini, goti hubeba uzito wa mwili huku likisokotwa. Hapo ndipo gegedu huchanika, na baadhi ya majeruhi husikia mlio wa kitu kinachokatika. Wengine huendelea kucheza hadi kipenga cha mwisho wakidhani wameteguka tu, kisha kesho yake goti likawa limefura.

Kila goti lina magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, moja upande wa ndani na jingine upande wa nje. Yamelala baina ya mfupa wa paja na ule wa goko, yakisambaza uzito, kupunguza mshindo na kulizuia goti lisiyumbe. La ndani ndilo huumia zaidi kwa kuwa limeshikamana imara na mahali pake, hivyo halina nafasi ya kukwepa.

Wanaoumia si wanamichezo pekee. Umri unapopita miaka 40, gegedu hulika na kudhoofika, hata likaweza kuchanika mtu anapoinuka tu baada ya kuchutama akipalilia shamba. Tofauti hii ni muhimu, maana matibabu ya kijana aliyeumia uwanjani hayafanani na ya mzee ambaye gegedu lake limechakaa.

Siku za kwanza, pumzisha mguu, uinue juu ya mto na ulifunge goti kwa bendeji isiyobana mno. Kanda kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Kulikanda kwa maji moto au kulisugua kwa mafuta mapema, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, huweza kuzidisha uvimbe. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo asimeze tembe za kutuliza maumivu bila kumuuliza daktari.

Iwapo goti limekwama lisiweze kunyooka kabisa, nenda hospitalini bila kukawia, kwani huenda kipande cha gegedu kimejikunja ndani ya kiungo. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi gegedu. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa na kulipima goti kwa mikono, na akishuku huagiza picha ya MRI, ambayo pia hufichua kama kano zimekatika.

Je, upasuaji ni lazima? Hutegemea mahali palipochanika. Ukingo wa nje wa gegedu hupata damu, hivyo waweza kupona wenyewe au kushonwa ukaunga. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu, na aghalabu haiungi. Zamani madaktari waliling'oa gegedu zima, hadi mwaka wa 1948 tabibu Mwingereza, Fairbank, alipoeleza jinsi magoti ya wagonjwa hao yalivyobadilika na kuchakaa. Siku hizi hukatwa kipande kilichoharibika pekee, kwa vifaa vyembamba vinavyopitishwa katika matundu madogo.

Hata hivyo, utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka wa 2013 uliwahusisha wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65 wenye magegedu yaliyochakaa. Nusu yao hivi walikatwa kipande, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo hayakutofautiana kwa maana. Kwa wagonjwa wa aina hii, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja chini ya mtaalamu wa viungo ndiyo hutangulia, nayo huhitaji subira ya miezi mitatu hivi.

Aliyekatwa kipande huweza kurejea michezoni baada ya wiki kadhaa. Aliyeshonwa hutembea kwa magongo kwanza, na huenda akangoja miezi minne hadi sita kabla ya kugusa mpira. Katika kipindi hicho hukatazwa kuchutama, kwa hivyo anayetumia choo cha shimo nyumbani atengenezewe kiti cha juu mapema, kabla hajaruhusiwa kuondoka hospitalini.