Ndege zisizo na rubani katika Kivu yetu

Wazee wetu walipoisikia ngurumo ya ndege juu ya Butembo, walijua ya kuwa ndani yake yumo mtu. Siku hizi huenda hayumo.

Jambo hili si geni kama tudhanivyo. Mwaka 1914, karibu na Paris, kijana Mmarekani, Lawrence Sperry, aliinua mikono yake yote miwili mbele ya watazamaji, na ndege yake ikaendelea kuruka sawasawa. Ilishikwa na magurudumu madogo yazungukayo kwa kasi.

Kwetu Kivu ya Kaskazini, Umoja wa Mataifa ulizizindua ndege hizo Goma, tarehe 3 Desemba 2013. Zaitwa Falco, nazo zilitengenezwa Italia. Rubani alikaa chini akitazama picha, na kompyuta iliishika ndege katika njia yake. Mwezi wa Mei 2014 mojawapo iliona mashua ikizama katika Ziwa Kivu, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Kazi njema kweli.

Lakini ziwa ni jeupe, halina pa kujificha. Beni ni msitu. Mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yalianza huko, usiku, Oicha, Mbau, Eringeti. Wauaji walikwenda kwa miguu chini ya miti, na jicho la angani huona majani tu. Tarehe 13 Agosti 2016 walifika Rwangoma, katika mji wenyewe wa Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 waliishambulia hata kambi ya walinzi wa amani huko Semuliki. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakafa.

Sasa mabingwa waifundisha mashine kutambua yenyewe, kwa akili bandia, ni nani aonekanaye katika picha. Basi itambue nini? Mkulima aendaye kwenye kakao yake asubuhi huchukua panga. Mwenzake aliyeteremka toka Butembo kutafuta shamba, naye ana panga. Muuaji ana panga vilevile, na pengine amevaa sare ya askari.

Mama wa Mbau huwatofautisha upesi: kwa lugha, kwa nyuso ngeni, kwa njia waliyotokea. Mara nyingi wenyeji kama yeye walipeleka habari kabla ya giza, na askari wakafika asubuhi, watu wamekwisha kufa.