Fahamu tamathali za semi zinazobeba nyimbo za Bongo Fleva

Wimbo wa mapenzi unapigwa sebuleni. Mtoto anaimba, mama anatabasamu, bibi anaguna. Wote wamesikia maneno yaleyale, ila kila mmoja kaelewa lake. Hiyo ndiyo kazi ya tamathali za semi: kusema jambo kwa kulizunguka.

Zifuatazo ni tamathali zinazotumika sana katika nyimbo za Tanzania.

1. Tashbihi
Ni kufananisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama "kama" au "mithili ya". Wimbo "Maria Salome" wa Saida Karoli wengi wanaujua kwa jina la "Chambua Kama Karanga", na jina hilo lenyewe ni tashbihi.

2. Sitiari
Hapa "kama" inaondoka. Mpenzi hafananishwi na sukari, anakuwa sukari yenyewe. Zuchu alitumia neno hilo kuupa jina wimbo wake "Sukari" wa mwaka 2021.

3. Tashihisi
Kitu kisicho mtu kinapewa matendo ya mtu. Msanii akisema mapenzi yamempiga kofi au usingizi umemkimbia, hiyo ni tashihisi.

4. Mubalagha
Ni kutia chumvi makusudi. Mtu analia mpaka bahari inajaa. Hakuna anayeamini, lakini uchungu unaeleweka.

5. Kejeli
Ni kusema hiki huku ukimaanisha kinyume chake. Profesa Jay katika "Ndio Mzee" (2001) alivaa uhusika wa mwanasiasa anayemwaga ahadi. Hakumtukana mtu, lakini ujumbe ulifika. Baadaye, mwaka 2015, yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

6. Mafumbo na tafsida
Tafsida hupunguza ukali wa neno, na fumbo huficha maana kabisa. Hapa mabingwa ni waimbaji wa taarab, akiwemo Khadija Kopa, mama mzazi wa Zuchu. Kwenye mipasho jina halitajwi. Anayerushiwa kijembe anajijua, ila hana ushahidi wa kwenda nao popote.

Fumbo likivuliwa nguo
Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliotokana na ule wa Saida Karoli. Novemba 2018 wawili haohao walitoa "Mwanza", na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia kwa maelezo kwamba una maneno yasiyo na maadili. Mwezi uliofuata, baada ya kuuimba jukwaani, walizuiwa kufanya maonyesho.

Nyimbo nyingi za pwani zimezungumzia mambo ya chumbani kwa miaka mingi na bado zinapigwa harusini mbele ya wakwe. Tofauti mara nyingi haiko kwenye mada, iko kwenye neno lililochaguliwa. Fumbo humwachia msikilizaji mzima maana yake na kumwachia mtoto utamu wa sauti.

Jinsi ya kupima wimbo
Zima mdundo, kisha soma mashairi yake kwa sauti mbele ya mzazi wako. Ukiweza kufika mwisho, na mzazi akacheka kidogo bila kusema kitu, ujue mtunzi kafanya kazi yake.